Tope la Uwanja Mpya

Kwa miaka ishirini na sita Mama Lamyai alifua jezi za klabu ya Nyati wa Nong Sim, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutazama mechi hata moja hadi mwisho. Hakuona haja. Mechi ilimjia yenyewe jioni, ndani ya vikapu viwili, naye aliisoma akiwa amekaa kwenye kigoda chake nyuma ya jukwaa la mbao, bukta moja baada ya nyingine.

"Huyu beki wenu wa kulia," angemwambia Kocha Prasoet, "tope lake liko makalioni tu. Ama anaanguka kila akiguswa, ama anakaa."

"Anaanguka, Mama Mkubwa."

"Basi mtafutieni kazi ya kukaa."

Mwenye tope kwenye nyonga ya kushoto alikuwa mtu wa kujitupa miguuni mwa adui bila kujihurumia. Mwenye tope magotini alikuwa ama mpiganaji ama mtu wa kuteleza kwa madaha mbele ya wasichana akishafunga bao, na hao wawili aliwatenganisha kwa kuangalia soksi. Mwenye bukta safi alikuwa mvivu, na hilo halikuhitaji kikao. Mara moja alimwonya binti wa muuza dawa asiolewe na winga mmoja maridadi ambaye bukta zake zilirudi na mikunjo ya pasi. Binti akaolewa naye. Leo hii binti ndiye anayeuza dukani, winga analala usingizi nyuma ya kaunta, na kila aendaye kununua dawa ya kikohozi humwona.

Kwa hiyo neno la Mama Lamyai lilikuwa na uzito, naye alilichunga kama mtu anavyochunga vyombo vya harusi. Nyumba yake ilikuwa na jina. Marehemu mumewe, Samrit, alikuwa mshika kibendera wa wilaya. Mwaka ule ambao Nyati walihitaji bao moja tu kupanda daraja, bao likapatikana dakika ya tisini na mbili, watu wakarusha kofia, wakakumbatiana na wasiowajua, halafu mmoja mmoja wakanyamaza. Samrit alikuwa amesimama pembeni, mkono umenyooka, kibendera juu. Mfungaji alikuwa ameotea. Mfungaji huyo alikuwa mdogo wake Samrit, tumbo moja.

Msimu mzima uliofuata, muuza saladi ya papai bichi la kutwanga alimtilia Samrit pilipili kumi na tano bila kumwuliza. Samrit alikula zote, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, akasema, "Tamu." Hakuhama kibanda. Alipofariki, watu wale wale waliomzomea ndio waliobeba jeneza, na Lamyai alitundika picha yake ukutani, kibendera kikiwa kimelazwa kwenye msumari chini yake.

Kisha kikajengwa kituo kipya.

Kilijengwa kando ya barabara ya kwenda wilayani, mahali palipokuwa na mashamba ya mihogo: viwanja viwili, bweni, jiko, chumba cha vyuma vya mazoezi, na nyumba ya kufulia yenye vigae vyeupe. Klabu ilitaka vijana ishirini wa mkoa wake, wa miaka kumi na minne na kumi na mitano, wakae pale, wasome pale, wale na kulala pale mpaka wawe wachezaji. Mkurugenzi wa vipaji, kijana mwenye miwani aitwaye Thanakrit, alitoka mji mkuu na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili lilikuwa la vizibao vidogo vyenye kidude mgongoni kilichohesabu hatua, mapigo ya moyo na mbio za kila mtoto.

Thanakrit alikuwa na adabu, lazima isemwe. Siku ya kwanza aliunganisha viganja mbele ya kifua na kuinama kabla ya kumwonyesha Mama Lamyai mashine mbili mpya.

"Mama Mkubwa, kila moja inafua kilo thelathini kwa mkupuo. Jezi, bukta, soksi, unatia zote pamoja, unabonyeza hapa, unakwenda kupumzika."

"Zote nini?"

"Pamoja."

Mama Lamyai alitafuta mahali pa kukaa. "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Mama Mkubwa."

"Anajua unavyofua?"

Thanakrit akawa mwekundu masikioni. Alikulia vyumba vya kupanga, nguo zake zilikwenda kwa dobi. Lakini aliyelelewa Nong Sim hahitaji kuambiwa kwamba vazi linalopita kichwani halikai maji mamoja na vazi la kiunoni, na kwamba soksi, ambayo imekanyaga kila kitu duniani, haikai na yeyote. Mama Lamyai alifunga utepe mwekundu kwenye mashine ya kulia: hii ya juu. Akafunga utepe wa kijani kwenye ya kushoto: hii ya chini. Soksi akaendelea kuzifua kwa mkono ndani ya beseni lake la bati. Mpishi Wandi, rafiki yake wa tangu ujana na mwenye mdomo usio na mlango, alisimama kizingitini akicheka.

"Utepe tena! Ungeziwekea na ubani."

"Wewe kachemshe supu."

Majaribio yalichukua wiki mbili. Walikuja vijana sabini, wakabaki arobaini, wakabaki thelathini. Na miongoni mwa waliobaki alikuwamo Tong, mjukuu wa Mama Lamyai, mtoto wa binti yake, mwembamba, mwepesi, mwenye maneno mengi kuliko pasi.

Hapo ndipo Mama Lamyai alipopata taabu yake. Alimtaka Tong aingie kwa moyo wake wote. Lakini alitaka zaidi pasiwe na mtu yeyote Nong Sim, wala muuza dawa, wala muuza papai, atakayesema kwamba aliingizwa na bibi yake. Kwa hiyo aliweka sheria: jina la Tong lisitajwe mbele yake. Akimkuta njiani kituoni alimpita kama nguzo ya umeme.

Siku tatu kabla ya mwisho, nafasi kumi na tisa zilikuwa zimejaa. Ya ishirini iligombewa na wawili. Mmoja alikuwa Tong. Wa pili alikuwa Khamron, kijana mpana wa mabega na mkimya, kutoka kijiji cha Ban Takui karibu na mpaka, aliyekuja na mfuko mmoja wa nailoni. Thanakrit alifungua kompyuta yake mezani wakati wa chakula cha mchana.

"Wako sawa," akasema kwa uchungu. "Mbio sawa, mapigo sawa, pasi zinapishana mbili. Sijawahi kuona."

Kocha Prasoet alimeza tonge la wali wa kunata, akageuza kichwa. "Mama Mkubwa?"

"Usiniulize. Mmoja ni damu yangu."

"Sikuulizi damu. Nakuuliza bukta."

Meza nzima ikamgeukia. Wandi akasimama na upawa wake hewani. Mama Lamyai alinyoosha sketi yake na kujiambia kwamba kuulizwa habari za bukta si kuulizwa habari za mtu.

"Basi nitasema habari za bukta. Hii ya namba ishirini na saba," nayo ilikuwa ya Khamron, "siku kumi inakuja safi. Haina tope, haina jasho. Inanukia sabuni hata kabla sijaigusa. Mwenye bukta hii anacheza kama mtu anayesubiri basi."

"Na namba kumi na nne?"

"Namba kumi na nne," alisema Mama Lamyai, na sauti yake ikateleza kidogo, "inakuja na tope kuanzia nyonga ya kushoto mpaka gotini. Kila siku. Sisemi zaidi."

Thanakrit aliandika. Hakuamini, lakini aliandika, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuandika.

Ni kweli kwamba lile tope lilimshangaza Mama Lamyai kidogo. Tope la Nong Sim ni jekundu. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa limempaka kucha rangi. Hili la bukta ya Tong lilikuwa jeusi, na lilikuwa na harufu. Na bukta za vijana wengine zilirudi na alama za kijani za nyasi tu. Lakini alijua kwamba malori yalileta shehena kutoka mkoa mwingine kwa ajili ya uwanja ule, na mikoa mingine ina udongo wake. Mwenye juhudi, alijiambia, hata ukimweka juu ya zulia atapata tope. Mwanamke aliyeweza kumsoma winga kwa mkunjo wa pasi alijiambia hivyo, tena akaridhika.

Siku moja kabla ya ufunguzi wa kituo, mashine ya utepe wa kijani ilikoroma, ikatetemeka, ikasimama. Thanakrit alikuja mwenyewe na bisibisi. Alifungua kifuniko kidogo cha chini, akachomoa chujio, akatia vidole, akatoa kitu, akakiweka juu ya kigae cheupe.

Kilikuwa konokono. Tena mzima. Alikaa kidogo, akatoa pembe zake mbili taratibu, akawatazama.

"Mama Mkubwa," alisema Thanakrit, "huyu ametokea wapi?"

Wandi alikuwa amefika mlangoni, kama kawaida yake penye jambo. "Huyo? Huyo ni wa kwangu. Wa bwawa la nyuma ya jiko. Kila nikichuma mboga ya maji nawatoa kumi kama huyo."

Mama Lamyai alimgeukia Thanakrit. "Mwanangu, udongo wa uwanja wenu mliutoa wapi?"

"Udongo?" Uso wa Thanakrit uling'aa, hakuna aliyewahi kumwuliza habari za uwanja wake. "Hakuna udongo, Mama Mkubwa! Ni mchanga mtupu, kina cha mkono mzima, na nyasi juu yake. Mvua inyeshe inavyotaka, baada ya dakika kumi pakavu."

"Tope hakuna?"

"Hata la dawa."

Mama Lamyai aliufuta mkono wake kwa khanga ya kiunoni, ingawa haukuwa na maji. Orodha ilikuwa tayari imechapwa. Mazoezi ya mwisho yalikuwa yamekwisha dakika chache zilizopita, na vijana walikuwa njiani kuleta vikapu. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Tong alikuwa ameinama ukingoni mwa bwawa, mgongo ukimwelekea. Alichota tope kwa vidole vitatu, akalipaka nyongani kwa uangalifu, akarudi nyuma hatua moja, akajitazama majini, akaongeza kidogo paja la nje. Hata bibi harusi hajipodoi kwa utulivu ule.

"Magotini umesahau," alisema Mama Lamyai.

Tong akashtuka, akateleza, akakaa majini na mboga kichwani. "Bibi! Nimeanguka!"

"Umeanguka siku kumi, bwawa hili hili, ubavu huo huo wa kushoto?"

"Bibi..."

"Toka humo. Na huyo aliye begani kwako mrudishe kwao."

Tong alimrudisha konokono. Kisha, kwa kuwa hakujaliwa kunyamaza, akaanza. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha! Kila siku tukila: kushoto mpiganaji, makalioni mvivu, safi hafai. Mimi nimekimbia, Bibi, naapa, nimekimbia mpaka kifua kinapiga mluzi. Lakini uwanja ule haumchafui mtu! Nikajiuliza, Bibi atajuaje?"

Mama Lamyai alimwondolea mboga kichwani, akaitupa majini.

"Tena unanionea mimi tu," Tong aliendelea, akipata moyo. "Khamron je? Kila siku anajificha bombani nyuma ya bweni, anafua bukta yake, ndipo anakuletea. Huo si udanganyifu? Mimi naongeza, yeye anapunguza!"

"Anafua?"

"Kwa sabuni yake mwenyewe!"

Khamron alikuwa bombani kweli, amechuchumaa, mikono ndani ya ndoo. Alipomwona Mama Lamyai aliruka, akaficha bukta mgongoni, maji yakamtiririka mpaka visiginoni.

"Unafanya nini hapo?"

"Hakuna kitu, Bibi."

"Hicho kisicho kitu kinachuruzika. Nani amekutuma ufue? Kazi ya kufua ni yangu."

Khamron aliangalia miguu yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo kuliko mabega. "Jezi nakuletea, Bibi. Lakini hii ni nguo ya chini. Bibi yangu ndiye aliyenilea. Tangu nina miaka saba alinikataza. Alisema siku nitakapomwachia mwanamke wa umri wake ashike uchafu wangu wa kiunoni, nisirudi nyumbani. Nimeona nikuletee ikiwa angalau imesuuzwa."

Mama Lamyai alinyoosha mkono. Khamron akasita, akampa bukta. Aliinusa: sabuni. Akachovya kidole kwenye maji ya ndoo, akaonja: chumvi. Kisha akaigeuza bukta kwenye mwanga. Kwenye nyonga ya kushoto kitambaa kilikuwa kimelika kwa kujiburuta nyasini mpaka kidole chake kikaonekana upande wa pili, na hilo sabuni haiondoi.

Alikaa kwenye ukingo wa simenti. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshika bukta za wanaume wazima, wengine wakimtupia kutoka mbali kama wanaomlenga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwonea haya. Huyu mmoja alimwonea haya, naye akamwita mtu anayesubiri basi.

"Bibi yako," alisema mwishowe, "amekulea vizuri. Lete hiyo ndoo."

"Hapana, Bibi."

"Lete."

"Hapana, Bibi, samahani."

Wakavutana ndoo. Khamron akashinda.

Jioni hiyo Mama Lamyai alikula kidogo. Angeweza kumnong'oneza Kocha Prasoet, orodha ikachapwa upya, pasijulikane. Lakini alikuwa amesema mezani, mbele ya watu kumi na wawili na mpishi Wandi, ambaye peke yake ni sawa na kijiji. Jambo lililosemwa hadharani likifutwa kwa mnong'ono, watu hujaza nafasi wenyewe, na hawaijazi kwa wema. Alitazama picha ukutani. Samrit alimtazama kama alivyomtazama siku zote, kama mtu anayeangalia mstari wa mwisho wa mabeki.

Asubuhi walikuja watawa tisa, uzi mweupe ukazungushwa bweni zima, maji ya baraka yakanyunyizwa juu ya vijana na juu ya mashine mbili, kila moja na utepe wake. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya uwanja. Mkuu wa wilaya alihutubia kwa muda mrefu. Kisha Thanakrit akavuta kitambaa, ubao ukaonekana, akasoma majina.

"Na wa ishirini," alisema, "ni Tong, wa hapa hapa Nong Sim!"

Watu wakapiga makofi. Mama Lamyai akasimama. Alitembea taratibu mpaka kwenye mstari mweupe wa pembeni, akageuka kuutazama uwanja, akatoa mkobani bukta namba kumi na nne, nyeusi kwa tope lililokauka, akainyanyua kwa mkono ulionyooka, juu ya kichwa.

Makofi yalipungua moja moja. Mtawa mkuu akafumbua jicho moja. Wazee waliokuwapo mwaka ule walijua mara moja wanachokiona. Muuza papai, aliyekuwa ameweka kibanda chake langoni, aliacha mchi ndani ya kinu.

Kocha Prasoet akavua kofia. "Ameotea nani, Mama Mkubwa?"

"Mjukuu wangu," alisema Mama Lamyai, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Na mimi nimeotea hatua mbili mbele yake. Tope hili si la uwanja, ni la bwawa la Wandi. Namba ishirini na saba bukta yake ni safi kwa sababu anaifua mwenyewe, asiniletee mimi mzee uchafu wake wa kiunoni. Nilimwita mvivu. Mwenye nafasi ni yeye."

Wandi akapaza sauti kutoka jikoni: "Waambie na habari za konokono!"

Kicheko kilianzia kwa vijana, kikapita kwa wazazi, kikamfikia mkuu wa wilaya, aliyecheka bila kujua habari za konokono. Thanakrit alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akamwangalia Khamron, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa na mfuko wake wa nailoni tayari mkononi, akisubiri basi kweli.

"Takwimu zilisema wako sawa," Thanakrit alisema kama anayejitetea.

"Walikuwa sawa," alisema Kocha Prasoet. "Kwa kukimbia." Akachukua kalamu, akafuta jina, akaandika lingine.

Tong alitoka mstarini. Masikio yalikuwa yanamwaka. Alivua kizibao chenye kidude, akamwendea Khamron, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuinama, jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. "Konokono!" mmoja akapiga kelele, na jina hilo likamganda papo hapo, mpaka leo hata mwalimu wake wa hesabu humwita hivyo.

Bibi na mjukuu waliondoka kwa miguu, yeye mbele, Tong nyuma. Langoni muuza papai aliwaamkia kwa viganja viwili, kwa heshima ambayo hakuwa nayo siku za Samrit.

"Mama Mkubwa, pilipili ngapi leo?"

"Yangu mbili."

"Na ya kijana?"

Mama Lamyai alimtazama mjukuu wake: magoti, nyonga, kidevu. "Kumi na tano."

Muuza papai alihesabu kwa sauti, akatwanga, akasogeza sahani. Tong alikula. Kwenye tonge la tatu pua ilianza kutoa maji, kwenye la tano alishika meza. Hakuomba maji. Alimaliza sahani, akafuta kidevu kwa mkono, akaivuta pumzi kwa shida.

"Tamu," akasema.

Mama Lamyai alimsogezea kikapu cha wali, akageuza uso kuelekea barabarani.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema bila kugeuka, "uwanja wa zamani. Kule tope lipo."